Maswali ya mahojiano ya udaktari: ukitoka ndani, uwaambie wanaosubiri nje?

Mwalimu wa Kondele

Wadau, jambo hili nimelala nalo wiki mbili. Naliweka hapa kwa kuwa najua humu wamo madaktari, wazazi na vijana wenyewe.

Nafundisha Bayolojia hapa Kisumu. Jumamosi hukaa na vijana waliomaliza Kidato cha Nne wanaotaka udaktari. Wengi wao hawahojiwi na mtu. KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, huchukua gredi zao za KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, ikapiga pointi za klasta, yaani za masomo yanayohitajiwa na kozi, na aliyefikisha hupelekwa Maseno, Moi, Egerton, popote nafasi ilipo. Lakini kila mwaka huwa na wawili watatu wanaojaribu vyuo vya nje vinavyotoa ufadhili, na huko cheti cha KCSE kinakufikisha mlangoni tu. Lazima uhojiwe.

Safari hii walikuwa wasichana wawili, chuo kimoja. Wa kwanza alihojiwa Jumanne kwa video, katika saiba, duka la intaneti, tuliyoilipia saa mbili na kuwaomba wateja wengine wapunguze sauti. Wa pili alipangiwa Alhamisi. Jumanne usiku yule wa kwanza aliandika maswali yote sita aliyoulizwa, akayatuma kwenye kundi la WhatsApp la waombaji kutoka kila pembe ya Kenya. Wengi humo ni watoto waliotoka shule kubwa za kitaifa. Alifanya kwa moyo mweupe. Ndio waliomwelekeza kujaza fomu, naye akaona huo ndio wakati wa kulipa fadhila.

Huyu wa pili hana simu yake. Hutumia ya mamake, anayeuza samaki Dunga na kurudi nayo jioni, mara nyingi bila bando. Hakuona kitu. Alhamisi akaingia, akaulizwa, akajibu. Ijumaa ndipo alipofungua kundi akakuta orodha, na chini yake watu wanashukuru: asante sana, la tatu na la tano yamekuja vile vile. Jumamosi alikuja kwangu, akaketi bila kufungua daftari, akaniuliza, "Mwalimu, kumbe wenzangu walikuwa wanajua?"

Sikuwa na jibu. Wote wawili ni wangu. Wote wawili, kabla ya video kufunguka, walipitia ukurasa wa kukubali kwamba hawatasimulia maswali kwa mtu yeyote. Yule wa kwanza aliubonyeza kama tunavyobonyeza kurasa zote za namna hiyo.

Nawauliza: aliyetoka kwenye mahojiano anawadai nini wenzake wanaosubiri? Na wenzake wanamdai nini?

Binti wa Ahero

Mwalimu, hujambo. Mimi ni mwombaji, niko kwenye kundi kama hilo, na limenifaa. Nasema wazi ili msinidhanie ninazungumza kwa niaba ya mtu mwingine.

Kuna watoto ninaoshindana nao ambao baba ni daktari wa upasuaji na shangazi ni mhadhiri. Wao tangu darasa la sita wanasikia mezani mambo ya mgonjwa aliyekataa kuongezwa damu, ya mama aliyeficha majibu ya HIV, ya nani apewe kitanda cha mwisho cha ICU. Hakuna anayewaambia kwamba wanaiba maswali. Mimi mtu wa afya niliyewahi kuzungumza naye kwa karibu ni afisa wa kliniki wa zahanati yetu, tena nilikuwa na malaria, sikuwa na nguvu ya kumuuliza lolote.

Kundi ndilo meza yangu. Mkitukataza kuambiana, mtakuwa mmewafunga midomo watoto wa Ahero na Bondo peke yao. Wale wengine hawahitaji kundi.

Na huyo msichana wa Dunga namwonea uchungu sana. Lakini aliyemwonea ni umaskini wa simu. Dada wa watu aliyegawa alichokuwa nacho hana kosa.

Mwanagenzi Nakuru

Binti wa Ahero, hoja yako ya meza ina uzito na sitaki kuipuuza. Nami nimetoka nyumba isiyo na daktari. Ila hebu nikusimulie lililonipata mimi mwenyewe chuoni.

Mtihani wetu wa vitendo, ule wa OSCE, unakwenda kwa vituo. Kengele inalia, unaingia, kuna mgonjwa au mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa, mtahini ana karatasi yake. Wanaosubiri hufungiwa ukumbini bila simu na waliomaliza hutolewa kwa mlango mwingine. Mwaka huo mpango ulilegea kidogo, tukapishana kwenye ngazi, na rafiki yangu akaninong'oneza: kituo cha nne ni tumbo, upande wa kulia, chini.

Nikaingia kituo cha nne nikiwa tayari na kidole tumbo kichwani. Nilikuwa nimekwisha kujua ugonjwa kabla ya kumwona mgonjwa. Alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu. Nikamlaza, nikapapasa, nikataja kidole tumbo, nikataja upasuaji. Sikumuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Kituo chote kilijengwa juu ya swali hilo moja: mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Nilifeli kituo, na hilo ni dogo. Linaloniamsha usiku mpaka leo, nikiwa zamu, ni kwamba nilimwangalia mwanamke ambaye katika maisha ya kweli angekuwa anavuja damu kwa ndani, nami nikawa nasikiliza sauti ya rafiki yangu wa kwenye ngazi. Rafiki hakunidanganya hata neno moja.

Kwa hiyo mimi nikisikia "nimekuletea maswali", moyo hushtuka. Unapewa kitu kinachokuzuia kusikia unachoulizwa.

Mzazi Milimani

Niko Nakuru pia. Nilimlipia mwanangu mafunzo ya mahojiano kwa njia ya mtandao na sioni haya. Mazoezi ni mazoezi, kama tuisheni. Lakini wiki ya mahojiano yule mkufunzi akatuma faili lenye maswali ya chuo hicho hicho, ya siku iliyotangulia, aliyoyakusanya kwa wateja wake wengine. Mwanangu alinisomea swali la kwanza, kisha akanyamaza, akaniangalia anione nitasema nini. Nilimwambia alifute. Nawaambia ukweli, wadau, nilichelewa kusema. Zilipita kama sekunde kumi, na kijana aliziona zote kumi.

Mhadhiri Eldoret

Nimewahi kuketi upande wa pili wa meza, ingawa si kwa chuo kinachozungumziwa hapa. Niwaeleze chombo chenyewe, maana naona tunapigania kitu ambacho thamani yake si kubwa kama tunavyofikiri.

Mahojiano haya ya vituo, wanayoyaita MMI, yalianzia Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada. Ni chuo kile kile ambacho kuanzia mwaka 1969 kilifundisha udaktari kwa kuwapa wanafunzi visa vya wagonjwa wavijadili katika vikundi vidogo, mtindo ambao shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi hapa Eldoret iliufuata tangu ilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990. Kwa hiyo mizizi si ya mbali nasi sana.

Desturi ya zamani ilikuwa mwombaji kukaa mbele ya jopo moja. Mkubwa wa jopo asipokupenda tangu unavyobisha hodi, umekwisha. Kevin Eva, Harold Reiter na wenzao wakaazima mfumo wa OSCE anaousimulia Mwanagenzi, ule alioubuni Ronald Harden huko Dundee, Uskoti, miaka ya 1970. Mwaka 2004 wakachapisha makala ya kuueleza: vituo kumi, dakika nane kila kimoja, kila kituo na mhoji wake. Ukiharibu cha pili, wa cha tatu hajui. Shabaha yao ilikuwa ni haki hii hii tunayoizungumzia.

Sasa kuhusu kuvuja. Watafiti hao hao walijiuliza swali la Mwalimu, na mwaka 2006 Reiter na wenzake wakachapisha walichokipata: watahiniwa waliojua mambo ya vituo mapema hawakupata alama za juu zaidi kwa sababu hiyo. Si ajabu kwa aliyewahi kuhoji. Karatasi inayobandikwa mlangoni ni mwanzo tu. Tuseme kisa ni jirani mwenye kifua kikuu asiyetaka mkewe ajue. Ukishasema la kwako, mhoji anakuchimba: na kama mke ni mjamzito? Na kama jirani ni babako? Na kama yeye mwenyewe ataacha dawa ukimlazimisha? Aliyekariri tunamwona. Huanza kujibu kabla swali halijaisha, na ukimgeuzia upepo anarudi kwenye sentensi yake ya kwanza kama aliyeshika kamba gizani.

Ila nisiwaondolee vyuo mzigo wao. Chuo kinachouliza maswali yale yale Jumanne na Alhamisi, kwa vijana walio mtandaoni, kinawatega. Kibadilishe visa kila siku, na kiweke mifano ya wazi mahali ambapo mtoto wa Ahero na mtoto wa Milimani wataiona sawasawa.

Binti wa Ahero

Daktari Mhadhiri, asante. Lakini kama maswali hayasaidii, mbona yanakatazwa? Na kama hayasaidii, aliyeyatuma amemdhuru nani?

Mwalimu wa Kondele

Binti yangu, swali lako ndilo limenikalisha hadi saa hizi. Nimeandika nikafuta mara tatu.

Nakubali utafiti wa Mhadhiri. Huenda msichana wangu wa Dunga hakupoteza hata alama moja. Lakini kaa upande wake kidogo. Akikataliwa, atasema: wenzangu walijua. Hataweza kujiuliza kwa utulivu alikosea wapi ili mwakani ajirekebishe, kwa sababu sababu nyingine imewekwa tayari mbele yake. Na yule wa kwanza akikubaliwa, wale wa kundi waliomshukuru ndio watakaosema alikuwa na maswali, ingawa yeye aliingia bila kujua chochote. Uchafu wa kitu kilichovuja unamrukia hata aliyekuwa msafi.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Mnakumbuka KCSE ya 2015. Karatasi zilizunguka kwenye simu kama picha za harusi, na watahiniwa 5,101 wakafutiwa matokeo. Mwaka uliofuata Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akabana kila mahali, makontena ya kuhifadhi karatasi yakafungwa, na waliopata A nchi nzima wakawa 141, kutoka zaidi ya 2,600. Watu walishangilia idadi hiyo kushuka. Mimi nilikuwa na kijana wa 2015, mtoto wa Seme. Alipata A yake kwa taa ya mafuta na vitabu vya kuazima, na najua kwa sababu vitabu vilikuwa vyangu. Alienda kusoma udaktari akiwa na A ambayo kila mtu aliitazama kwa jicho la pembeni. Kwenye matanga, kwenye matatu, hata mjombake mwenyewe: "Ah, wewe ni wa mwaka ule." Hakuwahi kushika mwakenya, kijikaratasi cha kuibia mtihani, maishani mwake. Aliyeuza karatasi Nairobi alimwibia kijana wa Seme kitu ambacho hakuna rufaa ya kukirudisha.

Ndiyo maana nasema madhara yapo hata alama zisiposogea.

Sasa nirudi kwenye meza yako, maana hapo umenishinda na lazima nikubali. Anachopata mtoto wa daktari mezani si maswali ya Alhamisi. Anazoea kubishana kuhusu mambo mazito na watu wazima, akikosolewa bila kuchekwa. Hicho kinagawika. Hakuna fomu ya usiri inayokikataza. Waambie wenzako mahojiano yana vituo vingapi, unapewa muda gani wa kusoma, saiba gani ina intaneti isiyokatika, mhoji hukatiza au hungoja, ulitetemeka wapi na ulijituliza vipi. Waambie wajizoeze visa wanavyovitunga wenyewe. Nendeni mkakae asubuhi moja ukumbi wa kusubiri wa Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi, mtazame nani anaitwa kwanza na nani anasubiri, halafu mbishane kama ilikuwa haki. Kisa alichopewa mtu Jumanne, kwa ahadi, hicho akiache ndani.

Na ahadi yenyewe, binti yangu. Sitaki kuipitia haraka. Utakapokuwa daktari mtu atakuambia jambo lake la siri, na jirani yake atakuja kukuuliza kwa nia njema kabisa, kwa upendo, pengine na chakula mkononi. Ukurasa ule uliobonyezwa Jumanne ulikuwa mgonjwa wa kwanza.

Binti wa Ahero

Mwalimu, nimesoma mara mbili. Sijakubali yote. Bado naona wale wenye meza watatutangulia hata tukiwa waaminifu, na sitaki mtu aniambie uaminifu wangu utanilipa. Ila hilo la kijana wa Seme limeniingia.

Nami nina mahojiano wiki ijayo. Leo asubuhi mtu ameweka ujumbe kwenye kundi letu, "nimetoka, nani anataka?" Watu kumi na wanane wameshajibu. Mimi bado sijajibu.

Mwanagenzi Nakuru

Dada, toka kwenye kundi mpaka umalize, kisha urudi. Ukibaki, mtu ataandika jibu bila hata wewe kuuliza, na macho hayawezi kufuta kilichosomwa. Jioni nikitoka zamu nipo, tufanye visa viwili vitatu kwa simu. Nitakuchimba kama anavyochimba Mhadhiri.

Mwalimu wa Kondele

Kuna jambo la pili ambalo sikulisema mwanzoni. Yule msichana wa kwanza amesoma uzi huu. Amenijia na kuniuliza kama awaandikie chuo awaeleze alichofanya. Mamake hataki hata kusikia. Anasema nafasi ya ufadhili haiji mara mbili kwenye boma moja, na asiyeulizwa hajibu. Sikuweza kumwambia mama huyo kwamba amekosea. Mhadhiri, wewe umeketi upande ule. Nishauri.

Mhadhiri Eldoret

Mwalimu, siwezi kukuhakikishia kwamba hawatamwondoa. Wana haki hiyo, alikubali masharti. Ningekuwa mimi ninayepokea barua hiyo ningefanya mambo mawili, na la kwanza lingekuwa kubadilisha visa siku hiyo hiyo, kwa sababu kama mahojiano yanaendelea, bado kuna vijana ambao hawajaingia. La pili, la kumhusu yeye, ningelipeleka kwenye kamati nikiwa na barua yake mkononi. Barua iliyoandikwa kabla ya kukamatwa haisomwi kama iliyoandikwa baadaye.

Lakini aandike akijua inaweza kumgharimu. Msimwambie vinginevyo.

Mzazi Milimani

Mama yule namwelewa mpaka kwenye mifupa. Mwambieni asilazimishwe binti. Iwe ni yeye mwenyewe.

Mwalimu wa Kondele

Wadau, narudi baada ya siku nne.

Ameandika. Ni yeye mwenyewe aliyeamua, baada ya kukaa na mamake usiku mzima, na mama mwishoni alisema tu, "Haya, andika, lakini uandike vizuri." Tulienda saiba ile ile. Aliandika mistari mitano. Kwamba alituma maswali, tarehe, mahali alipoyatuma, kwamba mwenzake mmoja hakuyaona kabla ya kuhojiwa, na kwamba anaomba waliobaki wapewe maswali mengine. Hakuomba asamehewe. Nilitaka kumwongezea sentensi ya kumtetea, akaniomba nisiongeze.

Msichana wa Dunga alikuja naye. Sikuwa nimemwita. Aliketi kwenye kiti cha pili, akasoma barua kwenye kioo, akanyoosha kidole kwenye tarehe. "Ilikuwa Jumanne ya tisa, umeandika kumi." Wakarekebisha, wakatuma.

Chuo hakijajibu. Binti wa Ahero, nimeona umetoka kwenye kundi. Jumamosi saa nne asubuhi tupo darasa la mwisho upande wa kisima, nauli ya kurudi tutachanga. Njoo na kisa kimoja ulichokitunga mwenyewe, hawa wawili ndio watakaokuhoji.